Si Uaminifu, ni M-Pesa

Kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba kumeruhusiwa nchini Kenya tangu Aprili 2011, kwa ada iliyowekwa kuwa shilingi 200. Waliohama ni wachache, na hoja iliyokwisha kuandikwa mara nyingi husema sababu ni uaminifu kwa kampuni ya simu ya Safaricom, au uvivu tu. Hoja hiyo haina mashiko.

Anayehama hubeba tarakimu zake peke yake. Akaunti ya M-Pesa, huduma ya Safaricom ya pesa kwa simu iliyoanza 2007, hubaki nyuma, pamoja na akiba na mkopo wa M-Shwari na, tangu 2019, Fuliza, mkopo wa kujazia salio pungufu. Mama mboga wa Kangemi, Nairobi, anayelipwa kwa simu hawezi kuacha hayo kwa ajili ya bando nafuu. Ni kweli, tangu 2018 pesa hutumwa moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel, lakini kutumiana pesa hakuhamishi rekodi ya mkopo.

Uvivu nao unakanushwa na maduka ya simu ya Luthuli Avenue, yanayouza simu za laini mbili. Mkazi wa Kawangware hupokea malipo kwa laini moja na kununua data kwa nyingine, yaani bei anazilinganisha kila siku. Amehama nusu, na nusu hiyo haimo katika takwimu za uhamishaji namba. Mdhibiti wa mawasiliano alifungua mlango wa namba. Wa pochi haukufunguliwa.