Picha za Vitu Vidogo Si Anasa ya Matajiri

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii sisi watu wa pwani twaitumia kwa mambo mengi, lakini sijamuona anayestahiki kuambiwa zaidi kuliko mtu atakaye kupiga picha za vitu vidogo: sisimizi ukutani, jicho la nzi, chavua ndani ya ua la mkilua, au matundu ya sindano kwenye kofia ya viua. Wajuzi huziita picha za makro. Kuinama ndiyo ada yake ya kwanza, na ada hiyo hailipwi kwa fedha.

Nasema haya kwa kuwa vijana wetu wengi siku hizi wana hamu ya kupiga picha, na wakiuliza habari za makro hujibiwa ati wasijisumbue mpaka wapate lenzi maalumu ya kazi hiyo. Lenzi yenyewe bei yake yaweza kupita bei ya kamera. Kijana akisikia hivyo hukunja jamvi akaenda zake. Mimi sikubaliani na jibu hilo hata kidogo. Ni jibu la muuza duka, na muuza duka hana hasara ukikata tamaa.

Tuitazame historia. Aliyeweka msingi wa elimu ya nuru na jicho ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alieleza kwamba jicho huona kwa nuru itokayo kwenye kitu ikaliingia, wala si kwa mwale utokao jichoni. Vyombo vya majaribio yake vilikuwa chumba cha giza, tundu na taa. Miaka mia sita na zaidi baadaye, mjini Delft, Uholanzi, alitokea muuza vitambaa jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu. Alijitengenezea vioo vyake mwenyewe, vidogo kama shanga, akavibana baina ya vibati viwili vya madini, na mwaka 1676 akaiandikia Royal Society ya London habari za viumbe visivyoonekana kwa macho matupu alivyoviona ndani ya maji. Wote wawili walitangulia kwa kutazama sana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Picha ya makro kwa maana yake khasa ni ile ambayo kitu huangukia juu ya filamu, au juu ya kile kibamba cha kupokea nuru kilichomo ndani ya kamera za leo, kwa ukubwa wake ule ule. Filamu ya kawaida ina milimita 36 kwa 24. Basi nyuki wa milimita 12 atachukua thuluthi ya upana wa picha. Lenzi ya kawaida haifiki hapo kwa sababu haiwezi kulenga kitu kilicho karibu mno. Tatizo lote ni hilo, na dawa zake rahisi ni tatu.

Ya kwanza ni kuigeuza lenzi. Tafuta kwa wauza vitu vilivyotumika lenzi ya kale ya mm 50, zile za kuzungusha kwa mkono, uifunge kinyumenyume kwa pete ya kugeuzia, uso wake ukielekea ndani ya kamera. Iliyoundwa kutazama mbali sasa hutazama karibu. Ya mm 28 ikigeuzwa hukuza zaidi, lakini anayeanza na aanze na ya 50, kwani kila ukuzavyo ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Hakikisha ina pete ya kufungulia na kufungia tundu lake kwa mkono, maana ikishageuzwa haipokei tena amri ya kamera.

Ya pili ni pete za kurefushia, zinazotiwa baina ya kamera na lenzi. Hizi hazina kioo, ndani mna hewa tu. Na hewa ya pete ya bei ndogo ni sawa na hewa ya pete ya bei kubwa. Zile za ghali huzidi kwa nyaya za kuiunganisha lenzi na kamera, basi. Hesabu yake ni nyepesi: ugawe urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete ya mm 25 kwa lenzi ya mm 50 hutoa nusu ya ukubwa wa kitu. Pete za mm 50 kwa lenzi hiyo hiyo hutoa ukubwa kamili. Lakini hakuna tamu isiyo na chungu. Ukifika ukubwa kamili, nuru inayofika ndani hubaki robo tu.

Ya tatu ni kioo cha kuvika mbele ya lenzi, mfano wa miwani ya kusomea. Huandikwa namba: +1, +2, +4. Lenzi ikiwa imelengwa mbali, cha +4 hukuleta mpaka sentimita 25 kutoka kwenye kitu. Vya rahisi huififiza picha pembezoni, lakini katikati hutosha kabisa kujifunzia. Na asiye na kamera asilie. Kuna vilenzi vya kubana juu ya simu ya mkononi, na simu nayo ina sifa yake: sehemu inayotoka kali katika picha yake aghalabu huwa pana zaidi kuliko ya kamera kubwa.

Huo ukali ndio mtihani wenyewe. Kwa ukubwa kamili, tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu itakayotoka kali ina kina cha kama milimita moja tu. Jicho la kerengende likionekana vyema, mkia wake ni ukungu. Ukilifunga tundu zaidi hupata kina, lakini ukilifunga mno nuru hutawanyika kwenye tundu finyu na picha nzima ikafifia. Kwa hiyo usihangaike kuzungusha pete ya kulengea. Iache hapo ilipo, kisha usogee wewe, mbele na nyuma kwa kadiri ya unywele, na jicho likikaa sawa ndipo ubonyeze. Ulaze mkono juu ya mfuko wa mchele au wa mchanga. Piga picha ishirini ili upate moja, wala usione haya, kwani hata wenye lenzi za ghali hufanya hivyo.

Nuru nayo haihitaji gharama. Karatasi nyeupe iliyosimamishwa upande wa pili wa ua huurudisha mwanga wa jua na kupunguza kivuli. Kipande cha plastiki nyeupe kilichokatwa kwenye chupa ya maziwa, kikiwekwa mbele ya flashi, hulainisha mwanga wake usichome. Wakati ulio bora ni baada ya sala ya alfajiri, jua linapochomoza. Wadudu wangali baridi na wazito, umande ungali juu ya majani, na upepo haujakaza. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa upepo. Msimu wa kusi, ukikawia mpaka saa nne, kila jani litakuwa likicheza ngoma.

Wako watu wanaomtia mdudu ndani ya friji ili azubae, au wanaomgandisha kwa gundi, wapate picha nzuri. Hilo mimi silikubali. Sisi tuliosoma chuoni Suratun Nahl, Suratun Naml na Suratul Ankabut, twajua kuwa nyuki, chungu na buibui wamepewa heshima ya kutajiwa sura. Kumtesa kiumbe kwa ajili ya kumsifu kwa picha ni kujipinga mwenyewe. Nao si viumbe wa kudharauliwa hata kwa hesabu ya fedha. Huko Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewapa wanakijiji wa pambizoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo na kuuza pupa wao nchi za nje.

Lakini lau ingekuwa ni wadudu peke yao, nisingekuwa mkali hivi. Jambo linalonikera ni hati zetu. Tungo za wazee wetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika herufi hizo nukta ndiyo roho ya neno. Ba, ta, nun na ya zikiwa katikati ya neno, mwili wao ni mmoja; wa kuzitenga ni nukta. Tena waandishi wa kale aghalabu waliiandika ba wakikusudia pengine b, pengine p, pengine mb. Msomaji ana kazi ya kutosha hata karatasi ikiwa nzima. Sasa mchwa akitoboa kitundu kidogo hapo, nani atajua kama ile ni nukta ya mshairi au ni jino la mchwa? Picha ya karibu yaweza kujua. Weka taa ubavuni mwa karatasi, chini kabisa: kitundu kitafanya kivuli, na wino hautafanya.

Hati nyingi za Kiswahili zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na wanaozitunza twawashukuru. Lakini zilizobaki makashani mwetu, chini ya vitanda na juu ya dari, ni nani atakayezipiga picha? Na nakshi za milango ya Lamu zinazoliwa na chumvi ya bahari? Na mishono ya kofia ambayo mafundi wake wanazeeka? Tukimwambia kijana wetu asubiri mpaka awe tajiri, mchwa hatamsubiri. Pete moja ya kugeuzia na lenzi kuukuu mikononi mwa mjukuu mwenye subira zitaokoa mengi, maadamu mwenye kasha ametoa idhini na karatasi imeshikwa kwa mikono mikavu.

Basi wazazi na walimu, msiwavunje moyo. Anayetaka kuanza na aanze nyumbani: punje ya chumvi, nyuzi za kikoi, ua la asumini. Akishaweza hayo, afunguliwe kasha la babu. Nami namuaga kwa ubeti huu:

Picha si ya utajiri, wala chombo cha thamani,
Mtaji ni kusubiri, na jicho lenye makini,
Dogo ukilifikiri, kuu limo mwake ndani,
Anzeni msiakhiri, mlivyo navyo shikeni.