Staa, Acha Kujaza Gesi ya AC Kila Mwezi, Tafuta Inakovuja!

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina tunalo, juzi kaonekana kwenye foleni ya Mbagala ndani ya IST yake. Vioo vyote juu, jasho linamtiririka kama yuko jukwaani. AC haipoozi, ila kushusha kioo anaona soo, mashabiki watasema kafulia.

Kinachouma siyo jasho. Kila mwezi anapeleka gari kwa fundi "kujaza gesi". Wadau, gesi ya AC siyo petroli! Haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Na mafuta yanayolainisha kompresa yanasafiri na hiyo gesi, kwa hiyo ukiendelea kuiwasha hivyo hivyo, unaua kompresa.

Kabla hujatoa hela, cheki mwenyewe. Inapooza ukiwa kwenye mwendo, ila kwenye foleni inapuliza joto? Angalia feni, au kondensa pale mbele ya rejeta kama imeziba vumbi. Upepo unatoka kidogo? Huenda ni filta ya ndani, magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Upepo upo kibao ila wa moto muda wote? Hapo ndo mwambie fundi apime presha ya gesi, na akikuta imepungua atafute panapovuja KABLA ya kujaza. Akigoma, hama gereji.

Na wewe kaka yetu, shusha kioo tu, joto la Dar ni la wote. Nani mwingine ashawahi kufunga vioo kwa ajili ya sifa? Semeni ukweli!