Chambo cha mende kisiwe chambo cha mtoto

Mama yetu mmoja alitusimamisha baada ya darsa ya Alasiri hapa Tunduma akatuuliza: je, yafaa kumtilia sumu sisimizi, ilhali Mtume (S.A.W.) amekataza kumuua? Swali lake lilituamshia aibu yetu wenyewe, nasi hatuna budi kuieleza.

Kabla ya Ramadhani, stoo ya msikiti ilijaa mende wale wadogo wa rangi ya kahawia, ambao katika mji huu wa mpakani huingia wamejificha ndani ya makatoni ya bidhaa. Sisi wa kamati tukanunua kwa mchuuzi kichupa kisicho na lebo, tukachovya vipande vya mkate, tukavitandaza nyuma ya magunia ya mchele. Siku ya pili mtoto wa madrasa, wa miaka minne, akakutwa na kipande mkononi. Alhamdulillahi, hakuwa amekitia kinywani. Lau angekila, tungemwambia nini daktari? Hata jina la sumu ile hatukulijua.

Tangu hapo tunatumia asidi ya boriki, unga mweupe tuliounulia duka la dawa. Kijiko kimoja cha asidi, kimoja cha sukari, viwili vya unga wa ngano, kitunguu kilichosagwa na maziwa kidogo. Finyanga vidonge vidogo mfano wa kunde. Haiui papo hapo, na hiyo ndiyo faida yake: mende hurudi mafichoni akafa baada ya siku kadhaa, na wenzake wakila kinyesi na mzoga wake nao huenda wakadhurika. Anayepuliza dawa ya kopo karibu na chambo huwafukuza tu. Mayai yamo ndani ya kifuko, chambo hakiyafikii. Basi weka kipya baada ya wiki tatu au nne. Na kila usiku kausha sinki, kwani mende huvumilia njaa kuliko kiu.

Asidi hii nayo ni sumu. Weka vidonge ndani ya kopo lenye kifuniko, lililotobolewa matundu ya kumpitisha mende, si kidole cha mtoto. Unga uliobaki uandikwe jina, usikae karibu na sukari. Mtoto akila, mpelekeni hospitali pamoja na pakiti yake, wala msimlazimishe kutapika.

Ama sisimizi, katazo limo katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Dawud. Wanazuoni wameruhusu kumuua akidhuru na akakosekana njia nyingine. Kumchoma moto hapana. Tulimwambia mama aanze kwa kufunika vyombo, jambo ambalo ni Sunna hata pasipo wadudu. Wakishinda, nusu kijiko cha chai cha asidi na vijiko vinane vya sukari katika kikombe cha maji ya vuguvugu, juu ya pamba. Asizidishe, wasije wakafia njiani kabla ya kumfikishia malkia wao.

Stoo yetu sasa ina kufuli, na ufunguo haumpi mtu ruhusa ya kuingia na mtoto.