AZIMIO LA KAZI AU HADITHI YA SUNGURA?

UE zinatubana kweli, ila hili lazima niliseme.

Tuliorudi kutoka fildi Tarime na Serengeti tuambizane ukweli. Tuliandika vipindi 4 kwa wiki, mara wiki 8, jumla 32. Msimamizi akasaini, safi sana. Hivyo 32 nani aliviona??

Vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo wakiingia mashambani watoto wanakesha kulinda mahindi. Asubuhi wanasinzia, na wewe unaandika umefundisha! Nyamongo kuna vijana wanaokimbilia mawe ya mgodi wa North Mara. Msimu wa tohara wa Desemba ukipita, kuna wasichana Januari hawaonekani (hili nitaliandikia siku yake, linauma). Weka mvua, UMISSETA, vikao. Yote yanajulikana mapema, sasa kwanini hayamo kwenye hesabu?

Rumeti wangu anasoma kompyuta. Anasema watengeneza programu wa mtindo wa ajaili, wenye ile ilani ya 2001 iliyoandikwa na watu 17 kule Utah, hupanga kazi kwa vipande vifupi, mara nyingi wiki mbili. Kabla ya kuahidi wanaangalia walimaliza nini vipande vilivyopita, halafu wanatoa siku za likizo. Kazi iliyofika nusu haihesabiwi. Sisi mada ikiguswa tu, tiki kwenye shajara ya somo!

Tuseme wiki 3 zilizopita umefundisha kweli vipindi 3, 2 na 3. Jumla 8 kati ya 12. Basi wiki 8 zijazo tegemea kama 21, sio 32. Hapo unajua mapema mada ipi ipewe muda wake na ipi uifupishe, badala ya kumwaga mada nne za noti ubaoni wiki ya mwisho, mtoto akakutane nazo kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili kama wageni.

Eti huo ni uvivu? Hapana bwana. Namba hii ni ya kupangia, sio ya kumchapia mwalimu. Shindanisha nayo shule ya Tarime mjini na ile ya jirani na tembo uone, kesho utaletewa namba za kupika tu.

Mnaokwenda fildi mwaka huu, wiki ya pili ikiisha niandikieni hapo chini: vilivyopangwa vingapi, vilivyofundishwa vingapi. Bila kupika jamani!