Kiti cha Jimbo Kisiwe Mali ya Chama

Mei 2020, Bunge la bajeti likiendelea Dodoma, Kamati Kuu ya Chadema iliwavua uanachama wabunge wake wanne: David Silinde wa Momba, Joseph Selasini wa Rombo, Anthony Komu wa Moshi Vijijini na Wilfred Lwakatare wa Bukoba Mjini. Miongoni mwa makosa waliyohesabiwa ni kukaidi agizo la chama kilichotaka wabunge wake wakae nje ya Bunge kwa siku 14 kwa sababu ya korona. Wapigakura wa Kashai, Hamugembe, Rwamishenye na Bakoba, ambao 2015 walipanga foleni kumchagua Lwakatare, hawakuulizwa neno.

Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aligoma kuwatoa bungeni. Lwakatare akamaliza kipindi chake. Lakini alikimaliza kwa uamuzi wa Spika wa chama kingine, si kwa kinga yoyote ambayo sheria inampa mbunge wa jimbo. Spika mwingine, au Ndugai huyohuyo katika siku nyingine, angeweza kutangaza kiti kiko wazi, na Bukoba Mjini ingebaki bila msemaji katikati ya mjadala wa bajeti.

Hapo ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya Katiba yenyewe. Ibara ya 67 inamtaka anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompitisha anapoteza ubunge. Ukizisoma kwa pamoja, wananchi wana haki ya kumchagua mbunge, lakini ufunguo wa kuingilia na wa kutokea unashikwa na chama. Kwa miaka mingi majimbo ya Kagera yamekuwa mahali ambapo madhara ya mpangilio huo yanaonekana waziwazi.

Safari ya Lwakatare peke yake inatosha kulieleza jambo hili. Mwaka 2000 aliingia bungeni kwa tiketi ya CUF, akawa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani. Mwaka 2005 alishindwa na Balozi Khamis Kagasheki wa CCM. Akahamia Chadema, akagombea tena 2010, akashindwa tena na Kagasheki. Machi 2013 alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ikayafuta mashtaka hayo ya ugaidi. Mwaka 2015 wana Bukoba wakamrudisha bungeni, safari hii akiwa na bendera ya Chadema.

Mtu mmoja, jimbo moja, bendera mbili. Wapo watakaosema huo ni ushahidi wa mwanasiasa asiye na msimamo. Ukilitazama jambo hilo kutoka Bukoba, unaona kitu tofauti. Wapigakura wa mji ule walimpima mtu, wakamkataa walipoona afadhali mwingine, wakamrudisha walipoona anafaa. Walimpa Kagasheki vipindi viwili kwa njia hiyohiyo. Mji ambao katika miaka 15 umempa ubunge mgombea wa CUF, wa CCM na wa Chadema ni mji wenye wapigakura wanaojua wanachokitafuta, na wapigakura wa aina hiyo wanastahili sheria inayoheshimu uamuzi wao.

Uzito wa kuwa na msemaji ulionekana tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera alasiri, likaua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Michango ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Januari 2017 Rais John Magufuli, akiwa Bukoba, alieleza msimamo wa Serikali: nguvu ingewekwa kwenye miundombinu ya umma, na mwananchi ajenge nyumba yake mwenyewe. Ulikuwa msimamo unaoweza kutetewa. Lakini kwa mjane aliyekuwa amelala chini ya turubai tangu Septemba, ulikuwa msimamo unaohitaji mtu wa kuuhoji, kwa sauti, ndani ya ukumbi ambamo mawaziri wanalazimika kujibu. Kazi hiyo ilimwangukia mbunge wa Bukoba Mjini, naye alilipeleka bungeni suala la waathirika. Mbunge wa upinzani angeweza kulifanya hilo bila kuogopa chama tawala. Je, angekuwa wa CCM, angelifanya kwa uhuru uleule? Na mambo yangegeuka, chama chake cha upinzani ndicho kinachotaka anyamaze, angethubutu?

Swali hilo lina jibu la karibu, ndani ya CCM yenyewe. Kati ya 2012 na 2014 Manispaa ya Bukoba iligawanyika vipande viwili juu ya miradi ya mji, ukiwamo ujenzi wa soko kuu na upimaji wa viwanja. Upande mmoja alikuwapo Meya Anatory Amani akiitetea miradi. Upande wa pili alikuwapo mbunge Kagasheki akiihoji, wote wa CCM. Agosti 2013 CCM mkoa wa Kagera iliwavua uanachama madiwani wake wanane waliokuwa wakivutana na meya. Madiwani wanane walikaribia kupoteza viti vyao kwa siku moja. Vikao vya juu vya chama vikautengua uamuzi huo. Januari 2014 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Ludovick Utouh, aliwasilisha Bukoba matokeo ya ukaguzi maalumu wa manispaa, na Meya Amani akatangaza kujiuzulu.

Mtu anaweza kuwa upande wowote katika mgogoro ule. Jambo moja halina ubishi: madiwani waliponea kwenye vikao vya chama, na kama vikao vile vingesema vingine, wafanyabiashara wa soko la Bukoba wangekuwa wamepoteza wawakilishi wao kabla hata ukaguzi haujasomwa. Haki ya wapigakura hao iliamuliwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kununua hata mkungu wa ndizi katika soko lile.

Muleba nako kuna kumbukumbu ya aina hiyo, tena ya zamani zaidi. Mwaka 1968 TANU ilifukuza kundi la wanachama wake, akiwamo Oscar Kambona aliyekuwa tayari uhamishoni. Katika orodha ile walikuwamo wabunge wawili wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa enzi hizo: Bakampenja wa Ihangiro, eneo ambalo leo ni la Muleba, na Kaneno wa Karagwe. Kwa kuwa chama kilikuwa kimoja na Katiba ilifunga ubunge kwenye uanachama, kufukuzwa chamani kulikuwa kufukuzwa bungeni. Nchi iliacha mfumo wa chama kimoja 1992. Kanuni iliyomwondoa mbunge wa Ihangiro ikabaki, ikagawiwa vyama vyote.

Linganisha na yaliyompata Profesa Anna Tibaijuka, mwana wa Muleba aliyeliongoza Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia 2000 hadi 2010, kisha akarudi nyumbani kugombea Muleba Kusini. Aliteuliwa kuwa Waziri wa Ardhi. Desemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa kwenye uwaziri kutokana na sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, kwa sababu ya Sh1.6 bilioni alizopokea, ambazo yeye alisema zilikuwa mchango kwa shule. Uwaziri ulitoka kwa Rais, ukarudi kwa Rais. Ubunge ulibaki kwa watu wa Muleba Kusini, na 2015 wao ndio waliopima maelezo yake, wakamchagua tena. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ilikuwa hivyo kwa sababu tu chama chake hakikuamua kumvua uanachama. Kingeamua, wapigakura wasingepata nafasi ya kupima chochote.

Na mambo yanayohitaji mbunge mwenye uhuru hayajaisha Kagera. Msimu wa 2018 Serikali iliamuru kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, na wakulima wengi wakalalamikia malipo kuchelewa huku ng'ambo ya mpaka bei ikiwavuta. Mwaka huohuo Operesheni Sangara ilipita Ziwa Victoria, nyavu zikateketezwa, na wavuvi wa visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba wakawa katikati ya sheria ya kulinda samaki na njaa ya watoto wao. Mnyauko wa migomba ulioonekana Muleba 2006 umekausha vibanja vya familia zilizotegemea ndizi kwa vizazi. Huko Rutoro wilayani Muleba, wanavijiji na wawekezaji wa vitalu vya ranchi za taifa wamegombania ardhi kwa miaka. Katika kila jambo kati ya haya, anayeulizwa ni Serikali. Mbunge wa chama tawala anayesimama kidete upande wa mvuvi au mkulima anasimama mbele ya viongozi walewale watakaoketi kulijadili jina lake kura za maoni zikifika.

Wengine wameshalitatua tatizo hili, na si lazima kwenda mbali. Vuka Mutukula tu, ingia Uganda: wabunge huru wamo bungeni kwa makumi. Kenya iliruhusu wagombea huru katika Katiba ya 2010, na uchaguzi wa 2022 ukapeleka 12 kwenye Bunge la Taifa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa mabunge hayo yamekuwa dhaifu kwa sababu hiyo.

Mfano ulio mzuri zaidi uko Wales, nchi iliyojulikana kwa wachimba makaa ya mawe, magharibi ya Uingereza. S. O. Davies alikuwa mbunge wa chama cha Labour wa Merthyr Tydfil tangu 1934, mchimba makaa wa zamani aliyepingana na viongozi wa chama chake mara nyingi. Mwaka 1970 chama kilimwona mzee mno, kikampitisha mwingine. Davies akagombea bila chama, akaishinda Labour kwa zaidi ya kura 7,000. Miaka 35 baadaye, katika jimbo jirani la Blaenau Gwent, Labour iliwaamulia wanachama wa jimbo kuwa mgombea lazima achaguliwe kati ya wanawake pekee. Peter Law akakataa, akaachana na chama, akasimama peke yake na kushinda kwa zaidi ya kura 9,000 mahali ambapo Labour ilidhani haiwezi kushindwa. Lengo la chama la kuongeza wanawake lilikuwa jema. Lakini watu wa jimbo walikuwa na njia ya kusema kwamba mgombea wao hachaguliwi na makao makuu, nao waliitumia. Njia hiyo ndiyo ambayo mtu wa Kamachumu au Nshamba, kule Muleba, hana.

Tanzania haiwezi kusema haijasikia. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi Mahakama Kuu na kushinda 1994. Bunge likabadili Katiba. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayoketi Arusha, ilitamka kuwa Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kuwalazimisha kupitia vyama. Mwaka huohuo rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ikapendekeza mgombea binafsi, pamoja na haki ya wapigakura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 umepita bila mgombea hata mmoja asiye na chama.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kanuni hii inazuia wabunge kununuliwa. Kati ya 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walihamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Kanuni ilikuwapo na haikuwazuia. Walijiuzulu, wakapitishwa na chama kipya, wakarudi kwa uchaguzi mdogo uliogharimu fedha za umma. Ya pili ni kwamba kiti ni cha chama, nayo inagusa wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na Chadema Novemba 2020 lakini wakabaki bungeni. Viti maalumu hugawiwa kwa hesabu ya kura za chama, na wanaoshika viti hivyo hutoka kwenye orodha ya chama. Hapo chama kina madai ya haki. Kiti cha jimbo hakitoki kwenye orodha yoyote. Jina la mtu limeandikwa kwenye karatasi ya kura na picha yake imebandikwa hapo.

Kwa hiyo marekebisho yanayotakiwa si makubwa. Ibara ya 67 iruhusu raia kugombea ubunge na udiwani bila chama, kwa kudhaminiwa na idadi maalumu ya wapigakura wa eneo lake. Ibara ya 71 itenganishe anayehama kwa hiari, ambaye arudi kwa wapigakura, na anayefukuzwa, ambaye abaki na kiti hadi kipindi kiishe. Sheria ya madiwani ifuate mkondo huohuo. Na haki ya kumwondoa mbunge mzembe, iliyokuwamo kwenye rasimu ya Warioba, iwekwe mikononi mwa waliomchagua.

Wabunge wa Kagera waliomo bungeni sasa wanaweza kuanzisha hoja hiyo wenyewe. Muswada binafsi unaruhusiwa na kanuni za Bunge. Wao ndio watakaonufaika nao siku bei ya kahawa, nyavu za wavuvi au ardhi ya Rutoro itakapowalazimu kupingana na viongozi wao, na watu wa Bukoba na Muleba wana haki ya kuwauliza, kwenye mkutano ujao wa hadhara, kwa nini bado hawajaupeleka.