Dawa ya Ebola ilitoka Kikwit, lakini akiba iko wapi?

Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Miaka mingi baadaye, katika damu ya mtu mmoja aliyepona, profesa Muyembe na wenzake wa Marekani walipata kingamwili, ndiyo askari wa mwili, inayozuia kirusi kushika mlango wa seli. Sasa inatengenezwa kwenye labo: ni mAb114.

Tangu Novemba 2018 ilijaribiwa huku kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kwa wagonjwa 100 waliopewa, karibu 35 walikufa. Kwa ZMapp, karibu 50. Na waliofika mapema walipona zaidi.

Hapo ndipo shida: dawa ikingojea ndege toka ng'ambo, mapema inapita. Damu ilikuwa yetu, wagonjwa walikuwa wetu. Akiba nayo ikae huku.