Mkono wa Mchezaji Haumo

Kabla ya kuizungumza kamari, tuitazame mashine ya kale ya mchezo wa pinboli. Gololi ya chuma igusapo swichi, umeme huingia katika koili. Koili huwa sumaku, huvuta ufito wa chuma, na gololi hurushwa huku magurudumu ya alama yakizunguka. Mnamo 1947 viliongezwa vibao vya kuipigia, mkono wa mchezaji ukapata kazi.

Mashine za kamari zinazomeza sarafu za shilingi 20 mitaani mwetu Kitengela hazina kibao. Mtoto hubonyeza tu. Programu imekwisha kupangwa ili mwenye mashine apate. Kamari imeharamishwa katika Suratul-Maida, aya ya 90. Tuwakatazapo wana wetu, tuwafahamishe pia kilichomo sandukuni: mkono wao haumo.